Sura ya Tano: Nukta Thelathini

Mara tatu kwa mwaka wataalamu wa hali ya hewa kutoka nchi kumi na moja, kuanzia Sudan mpaka Tanzania, huketi pamoja na kutoka na ramani moja. Ni ramani ya msimu unaokuja. Sehemu moja imepakwa kijani, kwamba mvua huenda zikazidi. Nyingine njano au kahawia, kwamba huenda zikapungua. Kwa miaka mingi kila eneo limekuwa na kisanduku chenye namba tatu zilizopandana, tuseme 45, 35, 20. Mkutano wa kwanza wa aina hii ulifanyika Nairobi Februari 1998, wakati watu wa Kenya na Tanzania walikuwa bado wanahesabu madaraja yaliyochukuliwa na mvua za El Niño. Uliandaliwa na kituo cha kufuatilia ukame kilichoundwa 1989, ambacho leo kiko chini ya jumuiya ya nchi za kanda hii, IGAD, na kinajulikana kama ICPAC.

Ukitaka kujua kisanduku kile kinasema nini, rudia kazi ambayo mtaalamu aliifanya kabla ya kuchora. Chukua kumbukumbu za mvua za miaka 30 za mahali fulani. Ipange miaka hiyo kuanzia ule uliokauka kuliko yote mpaka ule uliolowa kuliko yote, kisha igawe mafungu matatu ya miaka kumi kumi. Kumi ya juu ndiyo inayoitwa juu ya wastani, kumi ya chini ni chini ya wastani, na iliyobaki katikati ni wastani. Kama hujui lolote kuhusu msimu ujao, kila fungu lina nafasi sawa, 33 kwa 33 kwa 33. Sasa Pasifiki ikianza kupata joto, au Bahari ya Hindi ya huku kwetu ikiwa na joto kuliko ya upande wa Indonesia, nafasi hizo haziwi sawa tena. Kisanduku cha 45, 35, 20 kinasema msimu umeelemea upande wa mvua nyingi, basi. Ile 20 ya chini haijafutwa. Katika misimu mitano ya namna hiyo, mmoja utaangukia kwenye fungu la mvua haba.

Ramani ikitoka mkutanoni huanza safari. Kila nchi huichambua kwa mikoa yake; Tanzania kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA), Kenya ni ya Idara ya Hali ya Hewa. Gazeti huchukua mstari mmoja. Redio haiwezi kuonyesha rangi, kwa hiyo hutangaza kwamba mvua za juu ya wastani zinatarajiwa mikoa fulani na fulani. Kufika kijijini, 35 na 20 zimeshadondoka njiani. Mkulima ananunua mbegu ya mahindi ya muda mrefu kwa kuwa ameambiwa mvua ipo. Mvua ikikatika katikati, mwaka unaofuata akisikia habari za utabiri anabadilisha stesheni. Ukimwuliza mtabiri atakwambia hakukosea, kwani alishasema kuna asilimia 20, na ni kweli hakukosea. Mkulima naye alifuata alichoambiwa.

Kuna tatizo jingine, ambalo halionekani mpaka uweke wilaya mbili pamoja. Dodoma hupata mvua isiyofika milimita 600 kwa mwaka. Bukoba hupata kama 2,000. Ramani ikipaka kijani huku na huku, rangi ni ileile, ilhali mwaka ulio juu ya wastani Dodoma ungehesabiwa kuwa janga la ukame kwa mwenye migomba kule Bukoba. Rangi inalinganisha mahali na historia yake yenyewe, haielezi kitu kuhusu kiasi cha maji kitakachoshuka. Mtaalamu analijua hilo kiasi kwamba hakumbuki tena kulisema.

Watafiti wengi wakielezwa matatizo haya hutoa jibu moja: mchoro urahisishwe. Namba zitolewe, rangi ziongezwe, pembeni kuwe na picha ya wingu na matone. Semina za mawasiliano ya sayansi hufundisha hivyo, na nadhani zinafundisha vibaya. Zinachukulia kwamba mtaalamu na mwananchi wanauliza swali moja, ila mmoja anaweza kumeza jibu gumu na mwingine hawezi. Kumbe maswali ni mawili. Mtaalamu mwenzako anauliza: umejuaje, na ni wapi unaweza kuwa umekosea? Mkulima anauliza: hapa kwangu je? Mchoro uliojengwa kujibu la kwanza haujibu la pili hata ukiupunguza mara kumi. Unachopata ni mchoro wa mtaalamu ulionyang'anywa tahadhari zake.

Mfano mkongwe wa watu wawili kuhitaji michoro miwili ni ramani ya kipindupindu ya John Snow, na husimuliwa vibaya karibu kila mahali. Hadithi inayopendwa ni kwamba daktari huyu wa London alichora ramani ya vifo vya mtaa wa Soho mwaka 1854, wakubwa wakaiona, wakang'oa mkono wa pampu ya Broad Street, na ugonjwa ukakoma. Mkono huo uling'olewa Septemba 8, 1854, wakati ramani ilikuwa bado haijachorwa. Snow aliwashawishi viongozi wa parokia kwa maneno na kwa hesabu ya waliokufa, na ugonjwa wenyewe ulikuwa umeanza kupungua kwa kuwa watu wengi walishahama mtaa. Ramani zilikuja baadaye, na zilikuwa mbili.

Ya kwanza, ambayo hadi leo inachapishwa vitabuni, ina vijistari vyeusi vilivyorundikwa mbele ya kila nyumba, kijistari kimoja kwa kila aliyekufa. Ukiitazama tu unaona weusi umejikusanya wapi. Lakini mbishi ana haki ya kuuliza: pampu nyingine je? Huenda pale wamekufa wengi kwa sababu pale wanaishi wengi. Kwa ajili ya ripoti ya kamati ya uchunguzi ya parokia, 1855, Snow alitoa ramani ya pili yenye mstari wa nukta unaozunguka eneo. Mstari ule unapita mahali ambapo mtu akitoka nyumbani kwake na ndoo, mwendo wa kwenda pampu ya Broad Street ni sawa na mwendo wa kwenda pampu nyingine iliyo karibu. Hakuupima kwa rula juu ya karatasi. Aliupima kwa kufuata barabara, kama wachota maji walivyotembea. Ndani ya mstari vifo vimejaa, ukiuvuka vinapungua ghafla. Ramani hii ya pili haipendezi kama ya kwanza na ni nadra kuiona imechapishwa, lakini ndiyo inayompa mbishi kitu cha kushindana nacho.

Turudi kwenye ramani yetu ya mvua, tuangalie jicho linaifanyia nini.

Mwaka 1984 watakwimu wawili wa Bell Labs nchini Marekani, William Cleveland na Robert McGill, walichapisha matokeo ya majaribio yaliyowataka watu wakadirie kiasi kwa kutazama tu. Wakati mwingine kiasi kilionyeshwa kwa nukta zilizopangwa kwenye mhimili mmoja, wakati mwingine kwa urefu wa mstari, kwa pembe ya kipande cha duara, na kadhalika. Watu walikosea kidogo kabisa walipolinganisha mahali pa nukta kwenye mhimili mmoja. Urefu ulifuata. Pembe zilileta makosa zaidi. Katika orodha waliyoipendekeza, eneo liko chini ya hapo, na mkolezo wa rangi uko mkiani kabisa. Ramani ya msimu inategemea rangi, yaani imechagua njia dhaifu kuliko zote ya kuonyesha kiasi. Kwa mtaalamu si kitu. Yeye anaitumia rangi kama faharasa tu, macho yake yako kwenye namba za kisanduku. Mwananchi aliyeondolewa namba ndiye anayeachiwa rangi peke yake, halafu tunasema tumemrahisishia.

Rangi zina mikosi mingine. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya, karibu wanane katika mia hawatofautishi vizuri nyekundu na kijani. Kwa Waafrika idadi ni ndogo zaidi lakini wapo. Rangi za upinde wa mvua, ambazo programu nyingi za kompyuta ziliziweka ziwe za kwanza bila kuulizwa, huzua mipaka isiyokuwepo: njano inang'aa kuliko jirani zake, basi jicho linaona ukingo mahali ambapo takwimu zinapanda polepole. Na kuna upofu wa rangi ambao madaktari hawauhesabu, nao ni fotokopi. Ramani nzuri ya rangi inafika ofisi ya kata kwa WhatsApp, inachapishwa kwa mashine ya wino mweusi, inatolewa nakala ishirini. Kijani cha mvua nyingi na kahawia ya ukame vinatoka kijivu kimoja. Yeyote anayechora kwa ajili ya Afrika Mashariki na hajawahi kupitisha mchoro wake kwenye fotokopi ya stesheneri ya mjini, mchoro wake bado haujakaguliwa.

Asilimia nazo zisionewe kwa kudhaniwa kwamba zinawatatiza wasiosoma tu. Mwaka 2005 mwanasaikolojia Gerd Gigerenzer na wenzake walichapisha utafiti ambamo waliwauliza watu wa Amsterdam, Athens, Berlin, Milan na New York maana ya kauli kwamba kuna asilimia 30 ya uwezekano wa mvua kesho. Maana iliyokusudiwa ni kwamba katika siku kumi za namna hiyo, tatu zitanyesha. New York, ambako utabiri wa asilimia umekuwa ukitangazwa tangu miaka ya 1960, wengi walipatia. Katika miji minne ya Ulaya wengi hawakupatia: kuna waliosema mvua itanyesha asilimia 30 ya muda wa siku hiyo, na wengine asilimia 30 ya eneo. Hao wana shule na magazeti tele. Walichokosa ni kuambiwa asilimia 30 ya nini.

Sasa twende Kiteto na Longido. Wilaya hizi mbili za kaskazini mwa Tanzania zina wafugaji na wakulima wanaoishi kwa mvua isiyotabirika, na katikati ya miaka ya 2010 zilichaguliwa katika mpango wa kimataifa wa huduma za hali ya hewa. Maafisa ugani walifundishwa utaratibu uitwao PICSA, uliobuniwa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, ambao baadaye uliingia Rwanda kwa upana zaidi. Kinachonivutia katika utaratibu huu ni kwamba ulifanya kinyume cha ushauri wa semina. Badala ya kuwapunguzia wakulima takwimu, uliwapa nyingi zaidi: ziletwe za kila mwaka, zote, mbichi.

Kikao huanza mapema, utabiri wa msimu ukiwa bado haujatoka. Kwanza mkulima anachora yeye. Anachora shamba lake, mifugo yake, mahali pa kuni na maji, nani katika nyumba anafanya kazi gani. Afisa ugani hana la kumfundisha hapo, anauliza tu. Jambo hili linaonekana dogo, lakini mtu aliyekwisha kuweka shamba lake kwenye karatasi kwa mkono wake hashtuki tena kuona mvua yake kwenye karatasi. Ndipo inapoletwa grafu. Chini, kuelekea kulia, kuna miaka. Pembeni, kupanda juu, kuna milimita za mvua. Kila mwaka una alama yake. Kama kumbukumbu ni za miaka 30, ziko nukta thelathini.

Swali la kwanza la afisa halihusu grafu. Anauliza mwaka gani mvua iliwazidi. Mtu mzima yeyote atataja El Niño, na mtu akitafuta 1997 na 1998 kwenye karatasi atakuta nukta iliyopanda juu ya wenzake. Kisha: mwaka gani mlihemea chakula? Wanabishana, maana ukame wa mwenye ng'ombe na ukame wa mwenye mahindi havikumbukwi pamoja. Mwaka mmoja unatajwa, unatafutwa, nukta iko chini. Kufikia hapo grafu imeshasomwa bila mtu kufundishwa mhimili wala mizania. Walichofanya ni kukagua. Wameuliza karatasi mambo wanayoyajua na karatasi imejibu sawa, kwa hiyo wanaweza kuanza kuiuliza wasiyoyajua.

Wakati mwingine haijibu sawa, na hapo ndipo kikao kinapokuwa na faida kubwa zaidi. Wakulima wengi watakwambia mvua zimepungua tangu enzi za wazee. Grafu ya jumla ya mvua mara nyingi haionyeshi kupungua kokote. Nukta zinapanda na kushuka kama zilivyokuwa zikifanya zamani. Utafiti wa kusini magharibi mwa Uganda uliochapishwa 2011 ulikuta tofauti ya namna hii: joto lilikuwa limepanda waziwazi kwenye kumbukumbu, lakini upungufu wa mvua waliousimulia wakulima haukuonekana vivyo hivyo kwenye vipimo. Mtafiti mwenye haraka ataandika kwamba wakulima wamekosea. Afisa mzuri hutoa karatasi ya pili, yenye tarehe za mvua kuanza, na ya tatu, yenye idadi ya siku za jua kali katikati ya msimu. Mazao hayali jumla ya mwaka. Mvua inaweza kufika milimita zilezile huku ikiwa imekatika wiki tatu wakati mahindi yanatoa mbelewele, na aliyepoteza shamba hilo ana kila sababu ya kusema mvua imepungua. Udongo uliochoka nao hushika maji kidogo kuliko zamani. Mzozo kati ya kumbukumbu ya watu na nukta huzaa mchoro bora, endapo mwenye mchoro hataona haya kuzozana.

Halafu inakuja hesabu. Nitaifanya kwa namba za kubuni ili ionekane yote. Tuseme mbegu ya mahindi unayoitaka inahitaji milimita 500 katika msimu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo 500 ni ndoo 25 za lita ishirini kwenye kila mita ya mraba ya shamba. Ni vizuri kulisema hilo, maana milimita haimwelezi kitu mtu asiye na kipimamvua. Piga mstari wa kulala kwenye 500. Hesabu kwa kidole nukta zilizo juu ya mstari. Tuseme ni 18 kati ya 30. Basi mbegu hiyo hapa kwako inapata maji ya kuitosha miaka sita katika kumi. Mtama unaohitaji milimita 350 una mstari wake chini zaidi, na juu yake zinabaki, tuseme, nukta 27, yaani miaka tisa katika kumi. Uwezekano umekokotolewa, na karatasi haina asilimia hata moja.

Sasa utabiri wa msimu ukitoka, karatasi hiyohiyo inaupokea. Piga mistari mingine miwili inayotenga nukta kumi za juu na kumi za chini. Hii ndiyo juu ya wastani na chini ya wastani ya hapa, kwa milimita za hapa. Dodoma na Bukoba hazina haja tena ya kugombania rangi ya kijani. Katika mfano wetu, mstari wa mahindi unapita ndani ya fungu la katikati: nukta kumi za juu zote zinautosheleza, na katika kumi za wastani zimo nane zinazoutosheleza. Weka ile 45, 35, 20. Mvua ikiangukia fungu la juu, mahindi yanapona. Hiyo ni 45. Ikiangukia la kati yanapona mara nane katika kumi, na nane ya kumi ya 35 ni 28. Ikiangukia la chini hayaponi. Jumla 73. Utabiri mzuri, uliotangazwa kwa furaha, umeipandisha nafasi ya mahindi kutoka 60 mpaka 73 katika mia. Hiyo ni faida ya kweli kwa mtu anayelima kila mwaka maisha yake yote, lakini hata mara moja haikuwa ahadi. Mkulima aliyeiona kwenye nukta zake anaweza kuamua kuongeza eka moja ya mahindi na kuubakiza mtama. Aliyesikia neno kijani peke yake ataweka shamba zima.

Hili si jambo la kuwazia tu. Zimbabwe, mwanzoni mwa miaka ya 2000, Anthony Patt, Pablo Suarez na Chiedza Gwata waliwafuatilia wakulima wadogo waliohudhuria warsha fupi za kueleza utabiri na waliousikia kwa njia nyingine. Matokeo yao, yaliyochapishwa 2005, yalionyesha kwamba waliohudhuria walikuwa wepesi zaidi kuutumia utabiri, na kwamba waliobadili kilimo chao kwa kuufuata walivuna vizuri zaidi. Kabla ya hapo Patt alikuwa ameshatumia gurudumu la kuzungusha, lenye sehemu kubwa na ndogo, ili watu wabahatishe na waone wenyewe jinsi sehemu ndogo nayo inavyotokea. Hata hilo ni mchoro, ila unaochezwa.

Na mtaalamu je? Nimesema swali lake ni jingine, kwa hiyo naye ana mchoro wake, na kwa bahati mbaya aliuchelewesha. Ukitaka kumpima mtabiri anayesema 45, kusanya mara zote aliposema 45 uone kama ilitokea mara 45 katika mia. Fanya hivyo kwa 20, kwa 35, kwa 60. Weka alichosema kwenye mhimili wa chini na kilichotokea kwenye mhimili wa pembeni. Mtabiri mkweli nukta zake zinalala kwenye mstari wa mshazari. Mikutano ya Afrika ya kutabiri msimu ilipofanyiwa tathmini, baada ya takriban miaka kumi ya kazi, michoro ya namna hii ilifichua tabia moja: wataalamu walikuwa wanalipa fungu la wastani nafasi kubwa kuliko lilivyostahili. Sababu yake inaeleweka na mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye kamati. Ukitabiri ukame usitokee utaulizwa. Ukitabiri mafuriko yasitokee utaulizwa. Ukisema wastani, hakuna anayekuja mlangoni. Ramani yenyewe isingeweza kulionyesha hilo, hata uitazame miaka mingapi, kwa sababu kila ramani inaonyesha msimu mmoja na kosa liko kwenye misimu yote ikijumlishwa. Tangu 2019 ICPAC imeuelekeza mkutano wake kwenye utaratibu wa hesabu za kompyuta unaoweza kurudiwa na mtu mwingine, badala ya makubaliano ya mezani.

Angalia basi kilichotokea. Mchoro uliomfaa mtaalamu ulikuwa wa nukta, kila namba iliyotabiriwa na kilichotokea. Mchoro uliomfaa mkulima ulikuwa wa nukta, kila mwaka na mvua yake. Ni michoro tofauti, lakini yote miwili imeacha vipimo vyenyewe vionekane, na yote miwili inampa mtazamaji nafasi ya kusema hapana. Ramani ya rangi, ambayo ilitakiwa kuwafaa wote, ndiyo pekee isiyobishika. Sisemi itupwe. Waziri anayepanga bohari ya chakula anahitaji kuona nchi nzima kwa mara moja, na hakuna mchoro mwingine utakaompa hilo. Nasema isipelekwe shambani kama ilivyo kwa kisingizio kwamba ina rangi nzuri.

Anayechora nukta hizi akumbuke mambo machache ya mkono. Mhimili wa milimita uanzie sifuri, la sivyo mwaka wa milimita 400 utaonekana kama jangwa karibu na wa 500. Miaka ambayo watu wanaijua kwa jina iandikwe jina palepale penye nukta, usimpeleke msomaji pembeni kusoma ufunguo kisha umrudishe. Mstari unaounganisha nukta moja na nyingine mimi siupendi: kati ya mvua ya mwaka huu na ya mwaka ujao hakuna njia ya kupita, ila mstari unalidanganya jicho kwamba ipo, na watu huanza kuufuata kama barabara inayoelekea mahali. Wapo wanaoutetea kwamba unasaidia jicho lisipotee. Kwa nukta thelathini halipotei. Wastani usichorwe mnene. Ukiwa mnene unakuwa ndio habari, na habari iko kwenye mtawanyiko. Redio nayo ipewe maneno yaliyotoka kwenye nukta: katika misimu kumi kama huu, saba mahindi yalipata maji, mitatu hayakupata. Mtangazaji anaweza kulisema hilo kwa sekunde sita.

Limebaki jambo ambalo bado linazozaniwa. Nukta zinatoka wapi? Vituo vya kupima mvua ni vichache na kumbukumbu zake zina mapengo. Kuna wilaya nzima zisizo na kipimamvua kilichoandikwa miaka 30 mfululizo. Mtafiti Tufa Dinku wa Chuo Kikuu cha Columbia na wenzake, wakishirikiana na idara za hali ya hewa za nchi kadhaa zikiwemo Ethiopia, Tanzania na Rwanda, walijenga mfumo wa ENACTS unaochanganya vipimo vya vituo na makadirio ya satelaiti, hata ikawezekana kutoa grafu ya miaka yote kwa kila eneo la kilomita chache. Ni msaada mkubwa sana kwa afisa ugani: kata yoyote inaweza kupata karatasi yake. Lakini baadhi ya nukta sasa hazikupimwa ardhini na mtu yeyote. Zimekadiriwa kutoka angani na kurekebishwa kwa vituo vya jirani. Kwenye makala ya kitaaluma hilo huelezwa kwa kirefu, na makosa yake hupimwa. Kwenye karatasi ya kijijini huwa halitajwi, kwa hoja ileile ya kurahisisha.

Ningechora hivi: mwaka uliopimwa na kituo cha karibu uwe nukta iliyojazwa wino, mwaka uliokadiriwa uwe duara tupu. Inapita kwenye fotokopi bila kupotea na haihitaji maelezo zaidi ya sentensi moja chini ya karatasi. Wazee wakifika kwenye duara la mwaka wanaoukumbuka wakasema hapana, mwaka ule hatukuvuna, afisa aandike walichosema pembeni ya duara, kwa kalamu, na nakala ya karatasi hiyo irudi TMA pamoja na maandishi yake.